Ufukweni, Mida, Gede au Marafa: wapi pa kumpiga picha mtoto akicheza?

Wageni wangu wa likizo hawakosi maswali mawili. La kwanza, wapi pa kupata samaki bila kutajiwa bei ya mtalii. Hilo nalijibu hata kabla hawajavua viatu. La pili ndilo hunikalisha chini: "Shangazi, watoto tuwapeleke wapi tukawapige picha za nje? Si za kusimamishwa ukutani, picha wakicheza." Na mimi huwarudishia maswali: mtoto ana miaka mingapi, mtaamka saa ngapi, na mna usafiri? Hudhani nawazungusha.

Siwazungushi. Hapa Malindi, pwani ya Kenya, na viungani mwake kuna sehemu nne zinazotajwa kila mara: ufukwe wenyewe wa mji, mikoko ya Mida upande wa Watamu, magofu ya Gede na msitu wake, na bonde la Marafa. Kote huko nimekwenda na watoto wa ndugu zangu, wa miaka miwili hadi saba, mara na simu, mara na kamera niliyoinunua mkono wa pili. Kila sehemu imenipa picha ambayo mpaka leo iko ukutani, na kila sehemu imeshanirudisha nyumbani na mtoto analia.

Navyopima

Kwanza natazama kama mtoto ana la kufanya. Hiki nakiweka mbele ya vyote, hata mbele ya uzuri wa mahali. Mtoto wa miaka mitatu hana habari na mandhari. Mwambie "cheka" atoe meno kama aliyepelekwa kwa daktari. Mpe ndoo, kaa, au mti wa kuzunguka, na baada ya dakika kumi atakuwa ameshasahau kwamba una simu mkononi. Picha huanza hapo.

Pili ni mwanga. Huku kwetu karibu na ikweta jua halibembelezi. Hutoka saa kumi na mbili na kitu, likifika saa tatu limeshakuwa kali, na jioni huzama kama lililosukumwa. Jua la utosini huchimba mashimo meusi chini ya nyusi, na mtoto hukunja uso akawa kama mzee aliyedaiwa.

Tatu, hatari na kero: mawimbi, visima, kingo za bonde, nyani wezi. Nne, safari na pochi.

Kifaa sikukitia kwenye vipimo kwa makusudi. Simu ya kawaida yatosha kwa sehemu tatu kati ya hizi nne, na ile moja inayoitatiza nitaitaja. Ila popote uendapo, chuchumaa. Mtoto akipigwa picha kutoka juu hutoka kichwa kikubwa na miguu ya sindano, na nyuma yake huonekana ardhi tu.

Ufukwe wa Malindi

*La kufanya.* Tele. Kuanzia Nguzo ya Vasco da Gama kushuka Silversands hadi Casuarina, mchanga ni mwingi na mtoto hahitaji mwalimu. Mpwa wangu wa miaka minne alichimba shimo, akalijaza maji kwa kopo la siagi, shimo likabomoka, akaanza upya. Dakika arubaini. Nilipiga picha kama mia mbili, nikabakiza sita, na inayonipendeza zaidi haina uso: ni mikono yake miwili imeshika ukingo wa shimo, vidole vimejaa mchanga unaometameta, na maji yanapita katikati yake.

*Mwanga.* Pwani yetu inatazama mashariki, na hapa wageni wengi huchanganyikiwa. Jua hutoka baharini na kuzama nyuma ya mji. Ukitaka picha ya jua likizama majini, ufukwe wa Malindi sio wako. Asubuhi, mtoto akiitazama bahari, uso wote hupata mwanga wa rangi ya asali. Alasiri, jua likishajificha nyuma ya mivinje, ufukwe mzima hubaki kwenye kivuli cheupe kisichoumiza macho, na mchanga unarudisha mwanga chini ya kidevu bila wewe kufanya lolote. Mimi huchagua alasiri kwa sababu ya watoto. Asubuhi na mapema ni nzuri zaidi kwa picha, lakini kuna nani wa kumwosha na kumvisha mtoto kabla ya jua kutoka?

Kuna jambo moja la simu lazima ulijue. Simu ikiuona mchanga mweupe hudhani mwanga umezidi, ikaitia picha nzima giza, na uso wa mtoto mweusi ukapotea. Gusa uso wake kwenye skrini, ushikilie kidole mpaka pafungike, kisha sogeza kidole juu mpaka uso uonekane vizuri. Mchanga ukiwa mweupe pepepe, uache. Hukuja kupiga picha ya mchanga.

*Hatari na kero.* Bahari haichezewi. Sheria yangu ni watu wazima wawili, kwa sababu anayepiga picha hachungi mtoto. Jicho liko kwenye skrini, na wimbi halingoji. Miezi ya Kusi, Aprili hadi Septemba hivi, upepo huwa mkali na mwani hurundikana ufukweni. Na anayetaka maji ya bluu ya kalenda ajue habari za mto Sabaki: mvua ikinyesha bara, mto humwaga tope kaskazini mwa mji, na upepo wa Kaskazi huliburuta tope hilo mpaka mbele yetu, bahari ikawa rangi ya chai ya maziwa. Mtoto hajali. Mama yake ndiye hujali. Kamera nayo usiibadilishie lenzi hapo, wala usiipanguse kwa kanga iliyokaliwa mchangani.

*Safari na pochi.* Tuktuk kutoka mjini, basi. Ufukwe hauna kiingilio, isipokuwa ukiingia hifadhi ya bahari pale Casuarina, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968 na inayosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

*Anayefaa.* Mtoto wa umri wowote, hasa asiyetulia. Hapamfai anayetaka picha ya mtoto peke yake bila watu nyuma, hasa Jumapili.

Mikoko ya Mida

*La kufanya.* Hapa mtoto hutazama zaidi kuliko kukimbia, ilimradi maji yametoka. Kuna daraja la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko, linalokwenda hadi kibanda cha kutazamia ndege, na linatikisika kiasi cha kumfurahisha mtoto na kumtisha mjomba. Chini yake, kwenye tope, ndiko kwenye mambo. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa hujaa kama njugu zilizomwagika. Mtoto wa dada yangu alichuchumaa mbele ya mmoja. Kaa akainua gando, naye akakunja ngumi akainua mkono. Kaa akateremsha, naye akateremsha. Wakaendelea hivyo, mimi nimelala kifudifudi topeni na simu, nisithubutu hata kukohoa.

*Mwanga.* Alasiri ni tamu, maana maji na tope linalong'aa hurudisha mwanga kutoka chini, na jua huzama juu ya mikoko ya ng'ambo. Kile ambacho ufukwe wa mji haukupi, Mida inakupa. Lakini mwanga wa Mida huwezi kuusema bila kusema maji. Siku ya kwanza nilikwenda saa kumi alasiri, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nikiwa nimepanga kila kitu isipokuwa hilo. Nikakuta bamvua, yale maji makubwa ya mwezi. Maji yamefunika mizizi, hakuna kaa, hakuna tope, watoto wakaulizana kwa nini tumekuja. Mdogo akalala begani.

Kosa langu wavuvi wangelicheka. Pwani hii, siku za bamvua, maji hujaa alasiri na kupwa kama saa nne asubuhi, na kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi. Kwa hiyo siku tatu nne kabla ya mwezi mpevu au kabla ya mwandamo, maji hutoka mapema asubuhi, wakati jua bado ni la kirafiki. Ndani ya Mida huchelewa kidogo kuliko baharini. Usipojua hesabu, muulize mvuvi yeyote swali moja: "Maji yapwa saa ngapi kesho?"

*Hatari na kero.* Mbao zina mianya, mguu mdogo unaweza kuingia, basi mkono ushikwe. Mizizi ya mchu, aina moja ya mkoko, imesimama topeni kama penseli na huchoma unyayo. Mvishe raba za kufunga, kwani ndala zitamezwa na tope. Nguo nyeupe iache nyumbani. Mbu wapo, jioni hasa.

*Safari na pochi.* Matatu ya barabara ya Mombasa, kisha boda au tuktuk mpaka ndani. Daraja huendeshwa na jamii ya hapo na hulipiwa. Kuwa na M-Pesa tayari.

*Anayefaa.* Mtoto mdadisi, miaka minne na zaidi, anayeweza kukaa na kitu kimoja. Wa miaka miwili atataka kubebwa, na mkono wako mmoja hautatosha kupiga picha.

Gede na msitu wake

*La kufanya.* Kujificha. Kuta za matumbawe, milango isiyo na milango, mizizi iliyozikumbatia kuta, mibuyu mipana kuliko chumba changu. Mtoto huingia upande huu akatokea ule, na kazi yako ni kumsubiri pale atakapochungulia. Karibu na lango kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wa pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo badala ya kukata miti. Mtoto akituliza mkono, kipepeo huweza kumtua. Akitua usimwite mtoto jina, wala usimwambie atazame kamera. Atamtazama kipepeo, na hiyo ndiyo picha.

*Mwanga.* Hapa mambo yamepinduka: saa zile za sita na saba zinazoharibu picha kwingine, Gede zinatumika, kwa sababu matawi yamefunga juu. Ila ndiyo sehemu ile inayoitatiza simu. Kivuli ni kizito, hivyo mtoto akikimbia picha hutoka na ukungu. Jua linapopenya hutia madoa usoni, shavu moja jeupe na jingine giza. Mwongoze mtoto kwenye kivuli kamili au kwenye uwazi, si katikati. Mwenye kamera aweke kasi ya shata isipungue sehemu ya 1/250 ya sekunde kwa mtoto anayetembea na 1/500 kwa anayekimbia, apandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hata 1600 au 3200 bila woga. Punje kidogo kwenye picha hazimuui mtu, ukungu ndio mbaya. Na majani hutia rangi ya kijani usoni. Nguo nyekundu au ya manjano husaidia sana.

*Hatari na kero.* Visima. Mji wa kale ulikuwa na visima vingi, na mtoto anayecheza mchezo wa kujificha hatazami chini. Halafu kuta zenyewe: mwaka 2024 Gede iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, lakini hata isingeingia, ukuta wa mamia ya miaka si mahali pa kumpandisha mtoto kwa ajili ya picha. Na kima! Nilifungua mfuko wa bajia kwa sekunde mbili. Nilichobaki nacho ni picha ya mpwa wangu akilia kwa sauti na kima nyuma yake juu ya ukuta, anatafuna. Ni picha nzuri, lakini sikuipanga.

*Safari na pochi.* Ni kama kilomita kumi na sita kutoka Malindi, na matatu zinapita njia panda. Kuna kiingilio, na Mkenya hulipa tofauti na mgeni, basi beba kitambulisho.

*Anayefaa.* Watoto wawili au zaidi, miaka minne hadi kumi. Mtoto mmoja pekee huchoka haraka, hana wa kumtafuta.

Marafa

Nitapita hapa upesi, si kwa ubaya.

*La kufanya.* Kusikiliza na kushuka. Wagiriama hupaita Nyari, mahali palipovunjika penyewe, na waongozaji husimulia kisa cha matajiri waliokuwa wakioga maziwa mpaka ardhi ikawameza. Mpige mtoto picha wakati anasikiliza, si baadaye. Mdomo hubaki wazi wenyewe.

*Mwanga.* Ndio ufalme wa Marafa. Mvua na upepo vimelikata bonde likaacha matabaka meupe, ya waridi, ya machungwa na mekundu, na saa moja kabla ya jua kuzama kuta hizo huwaka. Mchana ni tanuri tupu, joto na mwanga vyote havifai.

*Hatari na kero.* Kingo hazina ua. Usimsimamishe mtoto ukingoni kwa sababu yoyote, hata umemshika.

*Safari na pochi.* Nusu siku kamili kwenda na kurudi, nanyi mtarudi gizani. Gari lenu au la kukodi ni bora.

*Anayefaa.* Wa miaka sita kwenda juu, mwenye miguu ya kutembea. Chini ya hapo utabeba mtoto kupanda mlima, na hutapiga picha yoyote.

Kabla hujaituma

Ufukweni watoto wa mtaani kwetu watajiunga na mchezo bila kualikwa, watapiga samasoti mbele ya kamera, na Marafa vilevile watakuja mbio. Wakaribishe wacheze, ila kuwapiga picha ni jambo jingine. Muulize mzazi, na wanaoogelea bila nguo usiwapige kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto, na picha ni data. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Za mwanao mwenyewe, zima alama ya mahali kwenye kamera ya simu, ili picha isitangaze mnapoishi. Mama yangu hana simu ya kisasa, lakini alilisema mapema kuliko sheria: "Usimuanike mtoto kwa watu." Yeye alikuwa akisemea jicho la husuda.

Sasa kwa hali yako

Una mtoto wa miaka miwili au mitatu na saa moja tu: ufukweni, saa kumi na moja jioni, kopo na kijiko. Usihangaike na kwingine.

Mmekuja siku moja tu na jua la saa sita haliepukiki: Gede. Kaeni vivulini, mwanzie kwa vipepeo watoto wangali wametulia.

Unajifunza kupiga picha na mtoto wako ni mvumilivu: Mida, ukishauliza maji. Maji yakikukatalia kwa wiki yako yote, usilazimishe.

Watoto wakubwa wamechoshwa na mchanga, na mna gari: Marafa, mtoke mapema alasiri, maji ya kunywa mara mbili ya mnayodhani.

Bajeti imekaza: ufukwe haudai senti. Pesa ya tuktuk na mabuyu yatosha, ila mabuyu yawe baada ya picha. Nina albamu nzima ya mpwa wangu mwenye midomo myekundu kama aliyekula wino.

Na mkiwa na nyanya asiyeweza kutembea mbali, msimwache nyumbani. Mtandikieni mkeka chini ya mvinje pale Silversands, jua likishapita upande wa mji, mwambieni mtoto amwokotee makombe. Atakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akimtilia kiganjani kombe moja moja. Wewe kaa ubavuni mwao, simu kwenye urefu wa magoti ya mtoto, ungoje mikono miwili ikutane.